Nilisuluhisha ndoa ya mwanangu mara mbili, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimekaa katikati

Assalaam alaykum wakuu, na wale wa salamu nyingine nawasalimu kwa heshima ile ile.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika sijawahi. Nimeshapita miaka sitini na tano na nachapa kwa kidole kimoja, mkiona herufi imeruka mnisamehe.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Wenye habari yao nimewaomba ruhusa kwanza, wakanipa kwa sharti la kubadilisha majina. Majina nimebadilisha. Yaliyobaki yote ndivyo yalivyokuwa, na Mwenyezi Mungu ananiona ninavyoandika.

Naishi Kilwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa mtu wa suluhu hapa mtaani. Mume na mke wakikorofishana, naitwa. Dini nilisomeshwa tangu utotoni, na watu wananistahi kwa hilo.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Mume anaeleza. Halafu anaeleza kaka wa mke au mjomba wake. Mke mwenyewe yuko ndani, nyuma ya pazia, anasikia. Kisha nauliza, nani kakosa? Aliyekosa anaomba radhi, tunanyanyua mikono, Fatiha, chai na vitumbua, tunaondoka.

Ndoa nyingi zilitulia. Zisizotulia nilisema ni kudra.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwanangu wa kiume, nimwite Shafii, anaishi Njinjo. Analima ufuta na mahindi, na mikorosho michache. Mkewe nitamwita Somoe. Wamejaaliwa mabinti wawili.

Wanaojua kulima mahindi kule wanajua habari ya nguruwe pori. Mahindi yakianza kukomaa, mwanaume analala shambani, juu ya dungu, kibanda cha kulindia. Hilo ni la kawaida. Tatizo la Shafii ni kwamba mahindi yalivunwa, nguruwe wakahama, yeye bado yuko dunguni.

Majirani wakawa wanamtania Somoe kisimani, "Mumeo analinda mabua?"

Somoe akiuliza, Shafii ananyamaza. Akinyamaza, Somoe anauliza kwa sauti kubwa zaidi. Sauti ikipanda, Shafii anachukua panga lake na blanketi, anarudi shambani. Akirudi baada ya siku tano, anaulizwa alikuwa kwa nani.

Kwa mwendo huo zilitoka talaka mbili. Ya kwanza nilikwenda Njinjo mwenyewe nikawapatanisha, akamrejea mkewe ndani ya eda. Mwaka uliofuata ikatoka ya pili. Nikaenda tena. Fatiha tena.

Kwa msomaji asiye wa dini yetu: baada ya mbili, mume anaweza bado kumrejea mke akiwa ndani ya eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka. Ya tatu haina kurejeana. Neno moja la mtu mwenye hasira, na nyumba imekwisha, na wajukuu zangu wanalelewa nyumba mbili.

Wakuu, baada ya ile ya pili sikuwa na usingizi. Simu ikilia nikaona jina la Shafii, nasoma dua kabla ya kupokea.

Najua kuna mkuu atauliza kama talaka ya hasira inahesabika. Ndugu yangu, hilo kamuulize sheikh aliye karibu nawe, uso kwa uso. Mimi hapa nasimulia tu.

Basi katika hali hiyo akaja Rukia. Ni binti wa marehemu mdogo wangu, anasoma Masters, ushauri wa ndoa na familia. Alikuwa anafanya utafiti wake huku kwetu. Utafiti wenyewe si wa kujaza fomu tu. Wenza wanaokubali wanakaa naye vikao sita, mwalimu wake akisimamia.

Nilimcheka. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe hata mume huna."

Akajibu, "Kweli Ba'mkubwa. Daktari wa wazazi naye hajabeba mimba za wote anaowazalisha."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini ungo wa mchele.

Shafii na Somoe wakakubali kuingia. Baada ya kikao cha kwanza nikampigia Rukia, nikamwambia nipe taarifa. Wamesema nini?

"Siwezi kukwambia, Ba'mkubwa."

"Mimi ni baba yake!"

"Najua. Na ndiyo maana."

Nilikata simu. Siku mbili sikupokea simu zake. Leo naona haya kuandika hivyo, lakini niliahidi kweli.

Siku ya tatu alikuja nyumbani, akanipa shikamoo, akakaa kwenye mkeka. Akasema utafiti wake unataka pia kuwasikiliza wasuluhishi, kwa hiyo anaomba kunihoji mimi. Hapo nikalainika kidogo. Nani hapendi kuulizwa anachokijua?

Alinieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba wataalamu wengi wa siku hizi hawaanzi na nani kakosa. Wanatazama mzunguko. Huyu anauliza kwa sababu yule kanyamaza, yule ananyamaza kwa sababu huyu anauliza. Ukimhukumu mmoja, mzunguko unabaki pale pale, unamsubiri mgeni aondoke. Adui wa wote wawili ni ule mzunguko. Ndiyo maana wenza wanafundishwa kila mmoja amrudishie mwenzake alichosema kabla ya kumjibu.

Akasema pia njia nyingi kati ya hizo zimetengenezwa nchi za mbali, kwa nyumba za mume, mke na watoto wawili. Kwetu nyumba ina baba, mama mkwe, mashangazi. Swali la utafiti wake ni hilo: mzee akae wapi?

Halafu akasema jambo lililonichoma. Kabla ya kuwaweka mume na mke pamoja, anaongea na kila mmoja peke yake na kumuuliza kama anapigwa au anamwogopa mwenzake. Akijibiwa ndiyo, kikao cha pamoja hakifanyiki. Usalama unatafutwa kwanza.

Miaka thelathini, wakuu. Sikuwahi kumuuliza mwanamke hata mmoja, peke yake, kama anaogopa. Wangapi walikuwa nyuma ya lile pazia wakisikia Fatiha yangu wakiwa na alama mwilini? Namwomba Mola msamaha kila siku kwa hilo, na nitaendelea kumwomba.

Kisha akauliza maswali yake.

"Somoe akiumizwa na jambo, anamwambia nani?"

"Ananipigia mimi. Ni mkwe mwenye adabu."

"Shafii je?"

"Ananipigia mimi. Hafichi kitu."

Akachukua karatasi, akaweka nukta mbili chini na moja juu. Akachora mstari kutoka kwa Somoe kuja juu. Akachora mwingine kutoka kwa Shafii kuja juu.

"Na kati yao wawili nichore nini?"

Nilikuwa nikitafuta tukio moja, moja tu, ambalo mmoja wao alimweleza mwenzake jambo kabla ya kunieleza mimi. Sikulipata.

Mke wangu, aliyekuwa kando akichagua mchele, ndiye aliyesema, bila hata kuinua macho.

"Na mstari wangu mimi na wewe uko wapi? Nikikasirika unakwenda msikitini kabla ya adhana."

Nilitamani adhana iadhiniwe muda ule ule.

Nilipobaki peke yangu nilirudi kwenye nilichofundishwa. Dini yetu imeelekeza kwamba ukihofiwa mfarakano, atafutwe mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke, na nia yao iwe kupatanisha. Mafundisho haya ninayajua tangu sijaota ndevu. Lakini mimi nilikuwa nimekalia viti vyote viwili, nami ni baba wa mmoja wao. Tena sikusubiri mfarakano. Nilipokea kila jambo, hadi la chumvi kuzidi. Vijana wale hawakupata nafasi ya kujifunza kugombana wakamaliza wenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa hapo kila mara, tayari, nimevaa kanzu.

Elimu ya yule binti haikupingana na dini yangu. Ilinionyesha mahali ambapo sikuifuata.

Nikanuia kuacha kupokea. Ni rahisi kuandika, kutenda ni kazi. Somoe akipiga, nasema, "Mwanangu, hili umemwambia Shafii mwenyewe?" Anasema, "Bado." "Basi anza naye." Nakata, halafu nakaa nimeshika simu kama aliyemfukuza mgeni mlangoni.

Mtihani mkubwa ulikuja kati ya kikao cha pili na cha tatu. Nimetoka tu kuswali alasiri, Shafii akapiga.

"Baba, nimefika mwisho. Nakuja kwako. Neno nitalisema mbele yako."

Wakuu, mnajua neno gani.

Mtu wa zamani aliyemo ndani yangu alikuwa ameshainuka kutafuta bodaboda ya kwenda Njinjo. Lakini nikaiona ile karatasi ya Rukia yenye nukta tatu. Nikasema, "Shafii, kwangu usije. Na neno hilo usilitamke, si kwangu wala kwake. Rudi nyumbani. Mwambie mkeo kinachokuuma, na usimpe hukumu. Kisha msikilize, na kabla hujamjibu umrudishie alichosema, kama Rukia alivyowaonyesha."

"Baba, hatanielewa."

"Umeshawahi kumwambia?"

Akakata simu.

Nilivaa viatu. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Njinjo."

"Kukaa katikati?"

Nikavua viatu.

Simu haikulia siku ile. Haikulia kesho yake. Nilimpigia Rukia, akaniambia yeye atapiga kwao kujua kama wote wawili wako salama. Baada ya nusu saa akarudi na maneno mawili, "Wako salama," asiongeze hata herufi. Safari hii sikumkasirikia.

Siku kumi na moja nilikaa bila kujua kama mwanangu ana mke. Nilisali, nikafunga Jumatatu na Alhamisi. Katika kungoja huko nikajikuta nakaa na mke wangu baada ya chakula, tunazungumza. Alinieleza mambo ya miaka ya nyuma ambayo sikujua kama yalimuuma. Nikamrudishia alichosema kama wanavyofundishwa wenza wa utafiti. Akasema, "Usinifanyie majaribio, mzee," lakini hakuondoka.

Siku ya kumi na mbili walikuja wote wawili, na mabinti, na gunia la mihogo. Shafii ndiye aliyempokea Somoe mzigo mlangoni. Nikajua.

Sikuuliza. Wallahi nilijizuia. Tulikula, tukaswali, tukanywa chai. Mwishowe Somoe mwenyewe akaja kukaa karibu nami.

"Baba, nikwambie moja. Baba yangu mzazi aliaga anakwenda shamba, hakurudi tena. Nilikuwa mdogo, nilimngoja barazani. Shafii hakulijua hilo. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwambia. Sasa analijua."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na yeye je, huko dunguni alikuwa anakimbia nini?" nilijikuta nauliza. Ulimi wa zamani, wakuu, hauachi.

Somoe akatabasamu. "Hayo mengine, baba, ni yetu wawili."

Kwa dakika moja niliumia, sitawaficha. Mkwe wangu hajawahi kuninyima neno. Halafu nikaelewa nimepewa nini. Kulikuwa na jambo katika nyumba ya mwanangu ambalo mimi silijui, na nyumba imesimama. Nikaenda chumbani nikasujudu sijda ya shukrani.

Vikao vyote sita wamevimaliza. Wanagombana bado, nasikia kwa majirani. Shambani Shafii analala msimu wa nguruwe tu, na akienda anasema siku ya kurudi.

Suluhu bado naitwa. Sasa namtanguliza mwanamke mtu mzima akazungumze na mke faragha. Natafuta mwamuzi wa upande wa pili, na mume na mke wakiwa salama kuonana tunawaweka waelekeane, pazia halipo. Kuna vikao ninavyotoka sijasema hata sentensi tano. Fatiha tunaisoma baadaye, nayo ni wao wenyewe wakiitaka.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba unaweza kuwapenda wanao kiasi cha kuwazuia wasionane. Na kwamba Mwenyezi Mungu anaweza kumfundisha mzee kwa mdomo wa binti ambaye mzee mwenyewe alimbeba mgongoni. Namshukuru kwa yote mawili.

Wazazi wenzangu mlio humu, nanyi simu za watoto mnazipokeaje? Na ninyi vijana mlio ndani ya ndoa, semeni bila kutuogopa: wazee tukae wapi? Nitasoma kila jibu, japo kwa kidole kimoja nitachelewa kujibu.