Mlango wa Bure na Boriti za Lamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kuvipa mgongo vitu nilivyoajiriwa kuvilinda. Nilikuwa nimetoka Tanga, sijamaliza hata wiki pale Najma, mtaa tuliopangiwa kulala kule Ghuba, na msimamizi wa zamu, Mganda mkali, alizungusha kidole hewani mpaka nikageuka. "Mama, kombe haliwezi kujiiba. Tazama watu!" Ndiyo kazi ya mlinzi wa makumbusho, wanangu: unasimama kituoni, yaani mahali ulipopangiwa, mpaka mwenzako aje kukupokea, na macho hayatoki kwa watu.

Nilianza lango la nje, nikahamia ukumbi wa lulu, kisha nikapandishwa mlango wa tiketi. Sheria ya pale ilikuwa nyepesi kuisema. Mwenye bataka, ile kadi ya ukaazi, anaingia bure. Asiye nayo ni mgeni, analipa kiingilio. Mudiri, mkuu wetu wa jengo, hakuipenda. "Cha bure hakithaminiwi," alikuwa akisema. Nilimbishia kimoyomoyo tu, maana mkataba wangu ulikuwa ukingoni na mdomo huponza kichwa.

Ijumaa moja ikaingia familia na watoto wake. Msichana wao wa kazi akabaki nje na kigari cha mtoto mchanga, akimbembeleza kwa Kiswahili.

"Mbona huingii, mwanangu? Ni bure."

"Bataka yangu iko kwa mkoba wa madamu, shangazi. Na hela ya kulipa sina." Jina lake Zuhura, mtu wa Lamu. Akanionyesha picha kubwa ukutani, dari ya nyumba ya kale iliyojengwa upya mle ndani. "Hizo ni boriti za kwetu. Babu yangu alikuwa akikata mikoko, ikiletwa huku Ghuba kujengea. Nataka nizione tu, nitoke."

Mlinzi haruhusiwi kuingilia mambo ya mgeni na watu wa nyumbani kwake. Lalamiko moja lilitosha kuninyima mkataba mwingine, na Tanga nilikuwa na watoto shuleni. Hata hivyo miguu ilishatangulia kwa madamu, pale kaunta.

"Samahani, madamu. Naomba bataka ya binti yako wa kazi, aingie. Halipiwi."

"Nani amekuuliza? Amekuja kazini, hakuja kutembea. Niitie mudiri wako!"

Mudiri alikuja, watu wakageuka kutazama. Madamu alisema yake yote, nami nimesimama mikono nyuma, jasho linanitoka na kiyoyozi kinavuma.

"Ulimwomba kadi?" Mudiri akaniuliza.

"Nilimwomba."

Nikaanza kuiaga kazi moyoni. Kisha Mudiri akamgeukia madamu, taratibu. "Kwake ni bure, madamu. Tumeandika mlangoni." Madamu akafungua mkoba kwa hasira, akaitupa bataka juu ya kaunta.

Zuhura aliingia na kigari chake. Hakukaa sana, "Yalla!" ya madamu ya kumhimiza ikasikika ndani. Alipotoka alinipitia karibu, macho mekundu, akanong'ona: "Zimeshika dari, shangazi. Mpaka leo zimeshika." Nilimwonea uchungu, na papo hapo nikajivuna kama mwenye nyumba.

Jioni Mudiri aliniita. "Mkataba nitausaini. Sheria ile siipendi, lakini iko mlangoni kwangu. Ila wewe na mlango wa tiketi, khalas, basi." Nikarudishwa lango la nje, kwenye jua, nikawa nafunza walinzi wapya. Huko ndiko nilikozeekea.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama makumbusho yatoze kiingilio. Taa na mafundi vina gharama, sikatai. Wenye nacho watoe. Lakini vilivyomo ni vya watu wengi kuliko wanaopita mlangoni, na bure iliyofungiwa kwenye mkoba wa mwingine ni bure tu, haina faida.

Kazi ilipokwisha, bataka yangu ilifutwa. Kabla ya safari ya kurudi Tanga nilikwenda pale kutembea.

"Bataka, mama?" akauliza wa tiketi.

"Imefutwa."

"Basi wewe ni mgeni. Utalipa."

Nililipa, nikinung'unika mpaka walio nyuma yangu wakasikia. Nikaenda moja kwa moja chini ya zile boriti, nikawapa watu mgongo, nikainua uso. Mlinzi wa ukumbi alinikazia macho muda wote. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemgeuza siku yake ya kwanza.