Profesa Aliyesema Hajui

Nakumbuka asubuhi moja ya theluji, mwanangu, nimesimama ukutani kwenye kliniki moja kule Farsta, kusini mwa Stockholm, mikono nimeifumbata mbele na macho nimeyaelekeza kwenye viatu vyangu. Nilikuwa na umri kama wako sasa. Jana uliponipigia simu na kuniuliza, "Shangazi, nikienda kusoma nje muhula mmoja, nikirudi nitaipata nafasi ya udaktari?" nilikwambia mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Nilitaka tu muda wa kuikumbuka vizuri asubuhi ile.

Unajua kwamba mimi, kama wewe, sikuingia udaktari moja kwa moja. Alama za kidato cha sita zilininyima, nikasoma kwanza shahada ya biolojia Dar es Salaam, nia ikiwa niimalize vizuri ndipo niombe tena. Katikati ya masomo hayo ikaja nafasi ya muhula mmoja Sweden. Marafiki wakasema nimepagawa. Walimu wangu walikubali kwa sharti moja: nikifaulu kule kozi ya kuwachunguza wagonjwa, itahesabiwa kwetu. Nisipofaulu narudia mwaka, na udaktari unanisubiri huko mbele, kama utanisubiri. Na babu yako, alivyo na haraka, alishaanza kuniita "Daktari" mbele ya majirani!

Profesa wetu alikuwa mzee mwenye mvi kichwa kizima, na wanafunzi walimwita Gunnar. Gunnar tu! Si Profesa, si Daktari, si hata Bwana. Jina lile lilinikwama kooni karibu muhula mzima. Nikitaka kumwita, nilikohoa.

Asubuhi hiyo alikuwa akimpima bibi mmoja mwenye sweta ya sufu, analalamikia mguu. Akamkunja goti, akamkunjua, akamsikiliza bila haraka yoyote. Kisha akavua miwani, akamwambia jambo kwa Kiswidi, halafu akatugeukia na kututafsiria kwa Kiingereza. "Nimemwambia sijui," alisema. "Nitawauliza wenzangu, na kesho nitampigia simu."

Mwanangu! Nilingoja yule bibi akasirike, abebe mkoba wake akatafute daktari mwingine. Wapi! Alimshika profesa mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akatoka anatabasamu. Mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia daktari akilitamka neno hilo, wala mwalimu, wala baba yangu. Na huyu alilisema mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake, na hakupungua hata kidogo. Nilimwona ameongezeka.

Basi akanigeukia mimi. "Wewe ungemwuliza nini?"

Nikainamisha kichwa zaidi. Sikuwa na jibu la uhakika, na mimi nililelewa hivi: mbele ya mkubwa, kama huna la uhakika, unanyamaza kwa adabu. Akangoja. Wenzangu walipotoka alinizuia mlangoni, akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "Tangu mwanzo wa kozi sijaisikia sauti yako. Siwezi kumfaulisha mtu nisiyemsikia. Ziara ijayo ya hapa kliniki ndiyo ya mwisho."

Masomo ya siku hiyo yalipoisha nilipanda treni kurudi Fisksätra, kitongoji nilichokaa, nikilia waziwazi, na abiria wote wakageukia madirisha ili wasinione, maana ndivyo Waswidi wanavyomsitiri mtu. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua limekwishazama. Niliona nimeharibu kila kitu, udaktari na jina la baba yangu pamoja.

Nilikuwa nakaa kwa Mzee Deo, Mrundi aliyefika kule na mkewe kama wakimbizi. Mezani alimwuliza binti yake mdogo swali la hesabu, naye mtoto akajibu, "Vet inte," yaani sijui, akaendelea kula viazi vyake. Nilishtuka. Mzee Deo aliniona, akacheka.

"Hata mie mwanzoni nilitaka kumfinya," akasema. "Lakini hapa mtoto akisema hajui, ndipo mwalimu anaanza kazi. Na weye, mbona macho mekundu?"

Nikamsimulia yote. Akaacha kucheka. "Sasa huyo mzee anakutafuta kila siku akufundishe, weye unajificha, halafu unaita heshima. Heshima gani hiyo? Unamfanyia kiburi!"

Neno kiburi lilinichoma. Mimi, mtoto wa watu, niliyeamkia kila mkubwa toka najua kusema!

Ziara ya mwisho alikuwapo bibi yuleyule. Gunnar akaniita mbele, akaniuliza naona nini. Nikainua macho. "Sijui, Gunnar," nikasema. "Lakini naona anauma meno kwa maumivu kila anapokaa, si anapotembea. Ningependa kumwuliza mwenyewe."

Unajua alifanya nini? Aliinuka. Profesa mzima aliinuka kwenye kiti chake, akakisogeza mbele ya mgonjwa, akaniketisha mimi. Yeye akasimama ukutani nilipokuwa nikisimama, mikono mbele, akawa anatafsiri maswali yangu kama msaidizi wangu. Sikugundua ugonjwa wowote, usidhani. Niliuliza, bibi akajibu, nikauliza tena. Nilifaulu kozi, nikarudi, nikaomba udaktari, na mengine unayajua.

Sasa nasaha zangu. Ukienda, nenda mwaka wa pili, usingoje mwaka wa kuombea nafasi. Kabla hujapanda ndege, kaa na walimu wako mkubaliane somo gani la kule litasimama badala ya lipi la hapa, na wakuandikie. Kemia, inayodaiwa kwa udaktari, isome nyumbani, usiivunje katikati. Ukifika, usikae ukutani. Sema usichokijua, na umtazame usoni unayemwambia. Juzi hapa wodini nilimwambia mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa, "Sijui bado, mama, lakini siondoki mpaka nimpate anayejua." Muuguzi alinikodolea macho. Yule mama akanisogezea mtoto karibu zaidi.

Umeniuliza kama ukienda, utaipata nafasi ya udaktari ukirudi. Sijui, mwanangu. Shangazi yako hajui. Lakini kiti nimekusogezea, njoo Jumapili uketi, tuulizane.

Mungu akutangulie kwenye baridi ile, akupe walimu wanaojua kusimama, na akurudishe kwetu ukiwa na sauti yako.