Mabeseni Juu ya Damu

Upelelezi wa eneo la tukio nilijifunza peke yangu, kwa simu, kitandani, katika chumba changu cha kupanga Kaloleni. Hakuna aliyenituma. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga, na taratibu zile zilinituliza. Aliye hai kwanza. Kisha zuia watu. Usisogeze kitu kabla hakijapigwa picha. Nguo yenye damu itiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki inaoza na ushahidi unaoza nayo.

Sikutegemea kuzihitaji uani kwetu, asubuhi ya masika, matope yakiwa bado laini.

Nilitolewa nje na mayowe. Jirani yangu, dada fundi cherehani wa chumba cha pembeni, alikuwa kifudifudi karibu na bomba. Panga lilikuwa limempita begani, na mkono aliojikingia ulikuwa umepasuka hadi mfupa ukaonekana, mweupe kupita nilivyowahi kuwaza. Niliufunga kwa kanga nikaukaza mpaka majirani wakambeba kwenye bajaji kwenda hospitali. Midomo ilicheza, jina halikutoka. Aliyemkata alikuwa ameshatoroka kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyeuona uso wake.

Tulipiga simu polisi. Wanakuja, wakasema. Mama mwenye nyumba alitoka kabla hawajafika, na ndoo ya maji na kopo la majivu. Kwetu damu ya mtu haiachwi wazi. Waislamu na Walutheri wa uani pale hawajawahi kubishana juu ya hilo.

"Shikamoo mama. Naomba usimwage."

"Marahaba. Nisimwage? Inzi waile? Huyu ni binti yangu, si mbuzi wa buchani!"

"Polisi hawatakuta kitu, mama."

"Muache inspekta wa bando," akasema mpangaji wa chumba cha mbele. "Leo kapata kesi."

Nikachukua beseni langu la kufulia, nikalifudikiza juu ya dimbwi la damu. "Imefunikwa, mama. Inzi haingii."

Alinitazama. Akaweka ndoo chini, akaenda kuleta mabeseni yake. Muda si mrefu ua ulijaa mabeseni yaliyopinduliwa juu ya kila tone na kila alama ya mguu, na kamba ya kuanikia nguo nikaizungusha pande zote.

Beseni la buluu lilifunika unyayo mmoja wa katambuga, uliokanyagwa kwenye matope yenye damu. Nusu ya mji huu inavaa katambuga, lakini kila pea hukatwa kwenye tairi lake na kugongelewa misumari kwa mkono wa fundi wake. Huu ulikuwa na mistari ya mshazari, na kisiginoni msumari mmoja ulikaa nje ya safu.

Ndipo akaja mume wa fundi, waliyekuwa wameachana, analia kwa sauti. Alipita moja kwa moja, akaibeba ile ndoo.

"Damu ya mke wangu imewekwa maonyesho?"

"Mwacheni amsafishe mkewe," watu wakasema.

Nilisimama kwenye kamba. Akanipiga kofi lililonipasua mdomo, akalipiga teke beseni la buluu. Likabingirika. Wote tukauona unyayo. Yeye pia aliuona, akarudisha mguu wa kulia taratibu, akauficha nyuma ya mwenzake.

"Hebu inua mguu," akasema mama mwenye nyumba.

"Mama, mimi nina msiba..."

"Msiba gani? Nani kakwambia amekufa? Inua!"

Mpangaji wa mbele alimvuta mguu, akamwangusha, akamvua katambuga. Msumari ulikuwa pale, nje ya safu.

Walimshukia kwa matofali, kwa mateke, kwa mpini wa fagio uliovunjikia mgongoni mwake. Nilisikia jino likigonga saruji. Mmoja akapaza sauti iletwe petroli. Nami nilitaka wampige. Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu na nilifurahi. Kisha nikaona miguu yao inausogelea unyayo. Nikalirudisha beseni, nikalilalia, wakanikanyaga vidole, na nilikuwa nalilia tope wakati mtu anauawa hatua chache kutoka usoni pangu. Aliye hai kwanza. Nikapiga kelele: "Mama, wanamuua!"

Mama mwenye nyumba alilimwaga kopo lote la majivu machoni mwao. Wakarudi nyuma wakikohoa. Polisi waliwakuta hivyo, weupe kama waliotoka mashine ya unga, na yule bwana anapumua kwa shida.

Mpelelezi aliinua beseni la kwanza. Chini yake kulikuwa na alama safi kabisa ya ndala.

"Ya nani hii?"

"Yangu, afande."

Uani wakacheka, hata mimi. Alipoinua la buluu hakucheka mtu. Aliweka rula kando ya unyayo, akapiga picha, akamimina plasta. Katambuga ikaingia kwenye bahasha ya kaki, na mwenye nayo akapakiwa kwenye gari la polisi, pingu mikononi.

"Sasa naweza kumwaga?" akauliza mama mwenye nyumba. Mpelelezi akaitikia kwa kichwa. Majivu yake yalikuwa yameisha, nikachota ya jiko langu.

Tulikuwa bado tunafagia ua simu ilipoingia kutoka hospitali. Fundi ameamka. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama yule mtu bado yuko nje, au amekamatwa.

Mama mwenye nyumba alishika simu kwa mikono miwili yenye majivu. "Hayuko nje, mwanangu," akasema. "Wewe pona, urudi nyumbani."