Milimita Nane za Akinisi

Kiti kimoja kilibaki kitupu. Rubani alisubiri robo saa nzima huku injini zikinguruma, kisha ndege ya Jumanne ikaruka kuelekea kusini na watu tisa badala ya kumi. Akinisi alikuwa nyumbani katika kijiji chetu cha kaskazini, mita mia tatu tu kutoka uwanjani, amekaa sakafuni mbele ya kadibodi akikata nyama ya sili, mnyama wa bahari yetu ya barafu, tumbo lake la wiki thelathini na tatu limemjaa mapajani.

Sababu ya kukatiwa tiketi ya ndege hiyo ilikuwa figo. Wiki iliyotangulia, mashine ya picha katika nyumba yetu ya uzazi ilionyesha kwamba figo ya kushoto ya mtoto imevimba, mkojo unakusanyika humo kuliko kawaida. Daktari wa kusini aliambiwa habari hiyo kwa simu, na hakuuliza mengi. Figo ikivimba, mama apelekwe mjini akasubiri huko. Ndivyo walivyozoea.

Akinisi aliijua safari hiyo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mjini, baada ya wiki sita za hosteli, kati ya watu waliomwita kwa namba ya chumba. Alipokuwa huko, baba yake mzazi, Jusipi, alifariki kijijini. Aliporudi alikuta theluji imeshafunika kaburi. Kwa hiyo mimba ya pili ilipoonekana, kijiji kizima kilijua ni nani anayekuja. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto anayefuata kuzaliwa, halichagui mvulana wala msichana, na anayelibeba ndiye marehemu yule yule. Akinisi aliliita tumbo lake baba. Vikongwe walilisalimu kabla ya kumsalimu yeye.

Mumewe, Paulusi, alirudi kutoka uwanjani akipangusa barafu kwenye masharubu. "Rubani ameniuliza kama nimekuficha."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ajaribu yeye kukuficha, na tumbo hilo."

Nyuma yake akaingia Maata, mkunga wetu mkuu, bila kuvua koti. "Umenitia aibu, binti yangu. Nimekuombea kiti hicho kwa simu tatu."

"Shangazi, daktari alikuuliza uvimbe ni kiasi gani?"

Maata akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Wewe ulipima, nami nikiangalia. Milimita nane. Figo moja. Maji ya mtoto yanatosha, ulisema mwenyewe. Alikuuliza?"

"Hakuuliza." Maata akakaa, akachukua kipande cha nyama. "Jusipi naye alikuwa hivyo hivyo. Hata ukimwomba, hasimamishi sleji yake ya mbwa kwenye theluji watu wakajisaidie. Kutwa nzima kabana mkojo."

Akinisi alicheka, akaendelea kukata nyama. Usimdhanie kwamba hakuogopa. Aliogopa figo ile, na hakukubali hofu yake itumiwe kumfungia mizigo.

Kwetu kila mimba ikikaribia mwisho, wakunga hukaa pamoja Alhamisi, daktari akiwa kwenye kipaza sauti cha simu, wakaamua mtoto azaliwe wapi. Mwenye tumbo huwa hayupo. Alhamisi hiyo Akinisi aliingia, akavuta kiti.

"Baba yangu ana miaka sabini na minne," aliiambia simu. "Hapelekwi mahali bila kuulizwa."

"Samahani mama, baba yako anahusikaje?"

Wakunga waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika.

"Uliza namba, daktari," alisema Akinisi.

Daktari akauliza. Maata akasoma, taratibu, kama anayemsomea mtoto.

"Nane? Figo moja tu? Sikuambiwa."

"Hukuuliza," alisema Maata.

"Na kibofu?"

"Kinajaa, kinamwaga. Nimekiona."

Kwenye simu ilisikika karatasi ikigeuzwa. "Na uvimbe ukiongezeka?"

"Ukifika kumi na tano napanda ndege bila viatu," Akinisi alijibu. "Kwa nane siendi."

Daktari aliomba picha nyingine baada ya wiki mbili. Ilisoma nane ile ile. Akaandika kwamba abaki.

Alizaliwa msichana, Jumapili asubuhi, chumba kimejaa jamaa. Kisha wote wakaanza kusubiri mkojo. Saa kumi na moja zilipita tangu azaliwe, nepi ikiwa kavu, na Akinisi hakumtazama mtu usoni. Alijua kila mmoja anafikiri juu ya kile kiti. Saa ya kumi na mbili Maata alikuwa anabadilisha shuka, mtoto akamlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Baba amesimamisha sleji," alisema Maata, akaenda kuandika saa.

Mwezi mmoja baadaye uvimbe ulikuwa milimita sita. Kabla msichana hajatimiza miaka miwili, haukuonekana tena.

Baadaye Akinisi alisomea ukunga kwa Maata. Wiki hii yuko mjini kusini kama mkunga msindikizaji, katika hosteli, chumba kimoja na mama kijana wa kijiji chetu ambaye figo ya mtoto wake imefika milimita kumi na tisa.