Pazia la eda na mashine ya boti sebuleni kwangu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika vibaya. Juzi nimesoma uzi wa ndugu mmoja anayesema kumsomesha mfanyakazi ni kujitengenezea mshindani. Nikaona na mimi niseme lililonipata. Nitalieleza lilivyokuwa, pamoja na pale ambapo sikufanya vizuri.

Naishi Ujiji. Kazi yangu iko Kibirizi, kando ya ziwa, kwenye gereji ya mashine za boti. Nilianza kama mwosha vifaa tu. Mafundi wakifungua mashine, mimi naosha vyuma kwa petroli na kuvipanga.

Aliyenipeleka pale ni mume wangu, Ramadhani, nahodha wa boti la mizigo. Alikuwa na utani wake. Jioni akirudi anaiga kwa mdomo mlio wa mashine yenye hitilafu, mimi nakisia inaumwa nini. Nikikosa ananicheka mpaka chakula kinapoa.

Mwenye gereji tunamwita Mzee Lukanda. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani. Ukifanya kazi kwake na akaona una nia, anakuandikisha chuo cha ufundi. Siku mbili za wiki uko darasani, zilizobaki uko gereji. Ada analipa yeye na mshahara haukati. Chuoni wanauita uanagenzi. Wenye gereji wenzake wanauita ujinga.

Mmoja alimwambia mbele yetu kwamba hao unaowasomesha watakukimbia. Mzee akaendelea kufuta mikono, kisha akasema, "Akikimbia anayejua, tutakutana ziwani humu humu. Akibaki asiyejua, siku moja mashine itawazimikia watu katikati ya maji, na imetoka kwangu."

Ana sharti moja: ukirudi kutoka chuo, lazima uwafundishe waliobaki kazini. Hakuna kuja na elimu ukaifungia kabatini.

Kundi letu tulikuwa wawili, mimi na Nestori, Muha wa Kalinzi, mtu mpole mwenye mikono mizuri sana ya kazi.

Tulipobakiza muhula mmoja, Ramadhani akaugua. Hakuugua kwa muda mrefu. Tulimzika hapa hapa Ujiji. Hapo sitaandika zaidi.

Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, na hachangamani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa. Shangazi wa marehemu, Bi Mwajuma, alihamia kwangu kunisimamia. Ni mama mwenye ulimi, lakini hakuniacha peke yangu hata siku moja.

Sasa shida ikawa hii. Muhula wote wa mwisho ungepita nikiwa ndani, na mtihani ulikuwa muda mfupi tu baada ya eda. Chuo kilikubali nifanye, ila mwajiri athibitishe kwa sahihi yake kwamba masomo ya muhula ule nimeyapata kazini. Bila hivyo ningeanza mwaka upya, na mimi sasa ndiye niliyebaki kuwalisha wanangu.

Baadhi ya wenzangu gereji walimwambia Mzee asaini tu, nani atajua.

Mzee alikuja na mkewe. Mkewe akaingia ndani, Mzee akabaki barazani, akatoa pole yake. Kisha nikamsikia, "Mama, siwezi kusaini usichojifunza. Ziwa halijui kama fundi alikuwa na msiba. Lakini ukikubali, gereji itakuja hapa."

Wakuu, nilikasirika. Nakiri. Niliona amekosa huruma. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ndiyo ilikuwa huruma yenyewe.

Bi Mwajuma akatuma mtu kumuuliza imamu wa msikiti wetu. Jibu likaja kwamba kujifunza kazi ya kujilisha hakuna ubaya, pazia liwepo na mwanamke mtu mzima awepo. Basi mashine mbovu ya kufundishia ikaletwa kwa guta, ikasimamishwa kwenye stendi yake sebuleni, nje ya mkeka.

Shangazi akaizunguka, akasema, "Mume katoka, mashine imeingia. Haya, na yenyewe itataka chai."

Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Nilijifunika uso kwa kanga ili asinione.

Utaratibu ulikuwa hivi. Nestori akitoka chuo anapitia kwangu, anakaa barazani. Pazia lipo mlangoni. Mimi ndani na mashine, Shangazi kwenye kigoda chake katikati yetu na tasbihi mkononi.

Somo la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nestori kazoea kufundisha kwa kidole, kama sisi wote gereji. Shika hii, legeza ile, hiyo kitu ya pembeni ivute. Mimi naangalia mashine, sijui ipi ni ipi.

Shangazi akachoka. "Wewe Nestori, kitu gani? Kitaje jina. Huku ndani kidole chako hakionekani."

Nestori akakwama, maana vyuma vingine alivijua kwa mkono tu, jina hakuwa nalo. Akaondoka kabla somo halijaisha. Nikadhani ameudhika.

Kumbe aliporudi chuoni alimfuata mwalimu, akaomba amtajie kila kipande, kinaitwaje na kinafanya nini. Akaja kwangu akiwa na maneno. Anza na kamba ya kuwashia, shuka kwenye kabureta, kuna skrubu ndogo upande wa kulia ukiwa umeipa mgongo propela. Nami ikabidi nimjibu kwa maneno, kwa sababu na yeye hanioni. Nikifungua kitu lazima niseme nimefungua nini na nimekuta nini. Nikisema uongo, Shangazi yupo.

Gereji ilitupa mikono na chuo kikatupa majina. Pale pazia lilitaka vyote viwili.

Siku moja alitaka nijue hitilafu ya pampu ya maji, na ile mashine ilikuwa haiwaki. Akaamua kuiga mlio kwa mdomo. Hakujua chochote kuhusu utani wa Ramadhani. Nikaweka spana chini. Akarudia, akidhani sijasikia.

Shangazi alinitazama, akajua. Akamwambia, "Leo inatosha, baba. Mashine imechoka."

Kesho yake nilimtumia jibu. Nilikuwa nimepatia.

Mzee alikuja mwenyewe mwishoni mwa eda, akaniuliza kutoka barazani mpaka akaridhika. Ndipo akasaini.

Kwenye mtihani wa vitendo tulitakiwa kueleza kabla ya kugusa. Nilijikuta nimeweka mikono nyuma na kufumba macho. Msimamizi akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ndivyo nilivyofundishwa. Akaniacha niendelee. Sikuwa wa kwanza, michoro ilinishinda na Nestori alinipita mbali. Lakini nilifaulu, na leo nafungua mashine za watu na naziwasha.

Nilichojifunza ni kwamba kazi bila darasa inakuacha na kidole tu, na darasa bila kazi linakuacha na majina tu. Anayekupa vyote viwili, halafu akakataa kukudanganyia hata ukiwa kwenye msiba, huyo ni mwajiri.

Sasa hivi Mzee amefanya iwe kanuni. Ukirudi kutoka chuo unafundisha ukiwa nyuma ya pazia, mwanafunzi yuko na mashine upande wa pili. Alitaka kununua kitambaa. Shangazi akalivua pazia langu mlangoni, akanikabidhi.

"Wapelekee hili. Limeshazoea oili, na lilimwona mwanangu Ramadhani akiingia na kutoka."

Lipo gereji mpaka leo. Alhamisi, siku yangu ya kufundisha, nikisimama nyuma yake, huwa nalishika kidogo kwanza, ndipo naanza somo.

Yangu ni hayo. Kama una bosi wa namna hii, tueleze alichofanya, jina lake si lazima. Na dada zangu mliokaa eda mkiwa na kazi, wenzenu kazini walifanyaje? Nitasoma yote, hata nikichelewa kujibu.