Ndoo ya Maji kwa Asiyeitaka

Juzi nilikuwa dirishani nakata tiketi ya meli ya kwenda Nansio. Binti wa tiketi, mtu wa sauti ya chini, akaniambia, "Shikamoo bibi. Na mimi napanda hiyo hiyo. Leo nimetimiza miaka thelathini, nakwenda kula sato na mama, sisi wawili tu."

"Marahaba. Na wenzako hapa?"

"Sijawaambia. Sipendi makelele."

Kumbe walishajua. Chenji hata sijaishika, wenzake watatu wakaingia na ndoo wakammwagia maji kichwani. Mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. "Cheka basi! Unatuharibia video!"

Binti hakucheka. Alifuta daftari la abiria kwa kiganja, akasimama anachuruzika, gauni la kumwonyesha mama limemganda mwilini.

Nikawafokea, "Mnamtosa kama ng'ombe kwenye josho! Kawaomba?"

Mwenye simu akanijibu, "Bibi, huo ni upendo."

Upendo gani usiouliza? Ng'ombe tunamtosa bila kumuuliza kwa sababu hasemi. Huyu alikuwa na mdomo, ila ninyi mnadhani asiyepiga kelele hana la kusema. Mngempa mkono, mkamwambia hongera, mkarudi kazini, mngekufa?

Meli ikapiga honi. Nikamfunga kitenge changu, tukapanda, tukakaa pembeni. Nilikuwa na matusi ya kutosha kufika Nansio na kurudi. Nikayameza. Njia nzima sikumsemesha hata neno moja, na wanaonijua wanajua hiyo ni zawadi kubwa kiasi gani.