Kompyuta Ndogo Iliyovalishwa Stokingi

Mvua ya asubuhi imekatika, na Dolphine Nakhumicha anapangusa meza kwa mara ya pili kama mtu anayesubiri wakwe. Meza yenyewe ni ya cherehani. Cherehani imesukumwa ukutani ikafunikwa shuka, na mahali pake pametandikwa taulo safi.

Juu ya taulo kuna vipande vya kompyuta mpya: bodi kuu isiyozidi ukubwa wa sahani ya ugali, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa mashine, feni tatu, kadi ya picha nzito kuliko inavyoonekana, na kasha la chuma la kijivu ambalo mgeni angedhani ni la kuwekea mkate.

"Vyote hivi vinaingia humo ndani, na mlango unafunga," anasema Dolphine, kisha anacheka akiona uso wa mgeni wake asiyeamini.

Kabla ya kushika chochote, anagusa mguu wa chuma wa cherehani. Mwili hubeba umeme kidogo, hasa ukivaa sweta, na umeme huo unaweza kuua kipande cha thamani bila hata kutoa cheche. Akishagusa chuma, anachukua bodi kwa ncha za vidole na kuilaza ndani ya kasha.

Hapa ni Kaloleni, Kisumu, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji. Majirani wanamwita Mama Laban, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuja kutoka Bungoma akiwa fundi nguo, na hadi leo bado anashona sare za kwaya.

Kompyuta zilimjia kwa mlango wa nyuma. Mathews, fundi wa kompyuta aliyekuwa amepanga chumba cha pili, alikuwa na vidole vinene. Kila skrubu ndogo ilipomshinda alibisha kwa jirani yake aliyezoea kutunga uzi kwenye sindano.

"Nilikuwa naenda kumshikia bisibisi tu," anakumbuka. "Siku moja nikamwambia, Mathews, sogea. Akasogea. Mpaka akahamia Eldoret, mimi ndio nilikuwa nafungua, yeye anapika chai."

Sasa watu wanaotaka mashine zenye nguvu katika kasha dogo wanamtafuta yeye. Malipo ya kuunganisha kompyuta moja ni kama shilingi elfu kumi na tano, na katika mwezi mzuri anapata kazi mbili. Miezi mingine hakuna kitu, anarudi kwenye sare za kwaya. Lakini wiki tatu zilizopita nusura aiache kazi hii kabisa, na aliyemfikisha hapo ni mteja wake mpole kuliko wote, Dalmas Okinyi.

Dalmas anapiga picha za video kwenye mazishi na kuzirusha moja kwa moja mtandaoni, ili ndugu walio mbali waone. Boma kwa boma anasafiri, Asembo leo, Nyakach kesho, mara nyingi kwa pikipiki. Kompyuta ndogo za kukunja zilikuwa zikimchosha: jua likipanda zinapata moto, picha inakwama katikati ya hotuba ya mjane. Alitaka mashine ya mezani yenye nguvu za kweli, ila itoshe kwenye mkoba wa mgongoni.

Marafiki walimshauri aagize Nairobi. Dolphine alimwambia asihangaike, angemtengenezea hapa hapa, na akaongeza neno ambalo baadaye lilimnyima usingizi: kitu kikiharibika mikononi mwake, yeye ndiye angekilipa. Kadi ya picha peke yake ilikuwa na bei ya pikipiki.

Aliiunganisha vizuri. Halafu, kama ilivyo desturi yake, akaivalisha stokingi.

Hapo panahitaji maelezo. Anayeishi karibu na Ziwa Victoria anawajua wale vijidudu vya ziwani wanaoinuka kwa mawingu na kuingia kwenye taa, kwenye supu na kwenye pua. Wanapenda mwanga, na kompyuta za siku hizi zimejaa taa za rangi. Feni ikiwavuta ndani, wanasagika na kugeuka uji unaoganda kwenye kila kitu. Kwa hiyo Dolphine, fundi nguo, alibuni dawa yake: anakata stokingi, zile soksi ndefu nyepesi ambazo akina mama huvaa kanisani, anazikunja mara mbili na kuzivuta juu ya matundu ya hewa zikabana vizuri. Kompyuta kubwa alizozifanyia hivyo hazikuwahi kumletea neno, na kazi hiyo ilimpa sifa mjini kote.

Jumatano, Dalmas aliwasha mashine yake mpya pale pale mezani na kuanza kurusha picha ya majaribio. Jumamosi alikuwa na mazishi Asembo, ya mama yake Dorca, muuguzi aliyeko Kanada ambaye karatasi zake hazikumruhusu kusafiri. Dorca alikuwa ameomba jambo moja tu, amwone mama yake akipumzishwa.

Baada ya muda mfupi, kioo kikawa cheusi.

"Yawa! Mama Laban, imekufa?" Dalmas aliuliza.

"Ngoja kwanza."

"Nangoja, lakini Dorca nitamwambia nini? Mazishi hatuwezi kuahirisha juu ya kompyuta."

Waliibonyeza, ikakataa kuwaka. Dolphine akakaa sakafuni. Aliwaza ile kadi, na kuiacha kazi hii kabisa. Aliwaza cherehani, kitu pekee ndani ya nyumba ambacho mtu angekubali kukinunua. Zaidi ya yote alimwaza mwanamke asiyemjua, ameketi ugenini mbele ya simu iliyo kimya.

Akaifungua. Akaibonyeza tena bila matumaini, na mashine ikawaka, feni zote zinazunguka. Wakapiga makofi. Akarudisha mlango, wakaendelea, na baada ya muda ikazima tena.

"Sasa nikasema kuna waya umebanwa na mlango," anaeleza. "Nikapanga nyaya upya zote. Nikafunga. Ikazima! Nikafungua, ikawaka. Dalmas akaniambia, pengine inaogopa giza."

Utani huo ulimuudhi, lakini ndio uliomfanya aache kushughulika na nyaya na kuliangalia kasha lenyewe. Akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka. Palikuwa moto kama sufuria. Ndipo alipoziona stokingi zake, sifa yake ya mjini: zilikuwa zimefyonzwa na feni hadi zikagandamana na matundu, nyuzi zimeshikana, hewa haipiti. Kwenye kasha kubwa kuna nafasi ya hewa kuzunguka. Kwenye hili, kila kitu kimekaa begani kwa mwenzake. Prosesa na kadi ya picha vilikuwa vikizidiwa na joto, na mashine ilijizima yenyewe ili isiungue.

"Haikuwa imekufa. Mimi ndio nilikuwa nimeiziba pua," anasema, akiziba yake kwa vidole viwili.

Alizikata stokingi kwa mkasi huku machozi yakimtoka, na hakujali kwamba Dalmas anamwona. Kadi ilikuwa nzima. Prosesa ilikuwa nzima. Waliifunga bila kitu juu ya matundu, ikafanya kazi mchana kutwa.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na shimo. Boma la kina Dorca liko ufuoni kabisa, na huko vijidudu hawaombi ruhusa. Bila kizuizi, mashine ingekula wadudu tangu sala ya kwanza.

Dolphine alifunua cherehani. Alichukua neti ya mbu iliyochakaa, akatafuta sehemu isiyotoboka, akakunja waya wa kibanda cha kuku kuwa fremu, na kushona kihema kidogo cha kulifunika kasha lote. Neti ilisimama mbali na matundu pande zote, kwa hiyo hewa ilipita kwa nafasi na hakuna feni iliyoweza kuifyonza. Kisha akamwamuru Dalmas azime zile taa za rangi alizokuwa akizionea fahari.

"Lakini ndizo zinafanya ipendeze, Mama Laban."

"Unaenda kuzika ama unaenda disko?"

Taa zikazimwa.

Jumamosi, Dolphine hakwenda Asembo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake na Lornah, jirani anayeuza mandazi, wakiangalia mazishi kwenye simu. Wasemaji walifuatana, kwaya ikaimba, na katikati ya mahubiri wingu la vijidudu likaingia. Walionekana wazi, waombolezaji wakijipepea kwa karatasi za ratiba.

"Lornah alikuwa analia kwa sababu ya nyimbo," anasema. "Mimi, Mungu anisamehe, sikuwa nasikia hata wimbo. Nilikuwa naangalia tu kama picha itakwama."

Picha haikukwama. Ilikwenda mpaka udongo wa mwisho na mashada ya maua. Ndipo Dolphine alipojisikia akipumua, akaomba mandazi mawili na kuyala yote kwa pupa. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

Jumapili simu ilipigwa kwa namba ndefu ya ng'ambo. Dalmas ndiye aliyekuwa ametoa namba ya Dolphine. "Mama, erokamano," sauti ilisema, ikishukuru kwa Kijaluo. "Nilimwona. Nilikuwa kama niko pale." Dolphine anasema alimpa pole, halafu akamwambia karibu Kisumu.

Kasha lililo mezani leo ni la mpiga video mwingine wa Homa Bay, aliyeiona kazi hiyo mazishini. Mpango wa Dolphine ni kupanga chumba Mamboleo, chenye sakafu ya vigae na madirisha yanayofunga vizuri, cherehani upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Anasema hawezi tena kuvitenganisha viwili hivyo.

Anakaza skrubu ya mwisho, anafunga mlango, anabonyeza. Feni zinaanza kuvuma. Haondoki, wala hafuniki kihema bado. Anavuta kiti, anaweka kiganja juu ya kasha na kukiacha hapo muda mrefu, kama mama anayempima mtoto homa.

"Iko baridi," anasema mwishowe, uso wote ukilegea. "Na stokingi nilizokuwa bado sijazikata zimerudi kwenye kazi yake. Kesho ni Jumapili, naenda nazo kanisani."